Madoa Yaliyofuata Mashine: Kisa cha Ugonjwa wa Kuvu kwenye Grini Tatu

Grini namba 7 ya klabu ya gofu inayozungumziwa hapa imekaa kwenye kibonde chenye safu ya misaipresi upande wa mashariki, na jua la asubuhi huifikia saa tatu na ushei, wakati grini nyingine zimeshakauka umande kitambo. Klabu ni ya mashimo 18, iko nje kidogo ya Nairobi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750, na jina lake sitalitaja. Nilipoitwa ilikuwa wiki ya tatu ya Mei, mvua za masika zikielekea ukingoni. Kwenye simu niliambiwa mambo matatu: kwamba nyasi "zinakufa kwa viduara", kwamba dawa imekwisha kupigwa mara tatu bila nafuu, na kwamba mashindano makubwa ya klabu yamebakiza siku 24. Jambo la tatu ndilo lililosemwa kwa mkazo zaidi.

Kwa msomaji asiye mchezaji, grini ni kile kiwanja kidogo chenye shimo na bendera, ambapo mpira huviringishwa chini badala ya kurushwa, na kwa sababu hiyo nyasi zake hukatwa fupi kuliko manyoya ya zulia. Hapa zilikuwa zikikatwa kwa kimo cha milimita 3 kila siku isipokuwa Jumatatu. Nyasi zenyewe ni bentigrasi ya kutambaa, Agrostis stolonifera, jamii ya nchi za baridi ambayo hustahimili ukataji wa namna hiyo mradi usiku uwe wa baridi. Ndiyo maana huota vizuri nyanda za juu na haifai Mombasa, ambako viwanja hutegemea nyasi za jamii ya Cynodon au paspalamu. Mmea unaokatwa hivyo kila asubuhi huwa na mizizi mifupi, akiba ndogo ya wanga, na kidonda kibichi kwenye kila ncha ya jani. Wazee wanaozikumbuka "brauni", yaani grini za mchanga uliochanganywa na mafuta ya mashine, ambazo klabu kadhaa za Afrika Mashariki zilizitumia zamani, hupenda kunikumbusha kwamba brauni haikuwahi kuugua. Siwapingi, ingawa brauni nayo ilikuwa ikinuka kama karakana.

Kabla ya kwenda kutazama nyasi niliomba daftari la stoo, kwa kuwa uzoefu umenifundisha kwamba mgonjwa aliyekwisha kupewa dawa hueleweka vizuri zaidi ukijua kwanza amemeza nini. Daftari lilionyesha kwamba azoksistrobini ilipigwa mwishoni mwa Aprili, ikarudiwa baada ya siku 14, kisha kabendazimu ikafuata siku chache kabla ya simu niliyopigiwa. Nilipoketi na kijana anayenyunyiza ikajitokeza ya nne ambayo haikuandikwa popote: unga wa metalaksili na mankozebu uliokuwa umebaki nusu pakiti baada ya kutibu viazi vya bustani ya jikoni, ambao muuzaji wa duka la pembejeo alimhakikishia kwamba "unaua ukungu wote". Kipimo kilikuwa ni kofia ya chupa. Pampu moja ya mgongoni ya lita 20 ilitosha, alisema kwa fahari kidogo, kumaliza grini mbili.

Asubuhi iliyofuata nilifika saa kumi na mbili na robo, kabla ya mashine ya kwanza kutoka stoo. Saa hiyo ndiyo ya kuutazama ugonjwa wa namna hii, na anayefika saa nne akiwa na kofia na daftari atakuta mabaka ya rangi ya makapi ambayo yangeweza kuletwa na chochote, kuanzia mbolea iliyomwagika hadi mafuta ya haidroliki yaliyovuja. Grini nzima ilikuwa nyeupe kwa umande. Juu ya madoa, ambayo mengi yalikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 na machache yalikuwa yameshaungana kuwa mabaka ya ukubwa wa kiganja, ulilala utando mwembamba kama pamba iliyochambuliwa kwa vidole, ukishika jani na jani. Mita tatu kutoka hapo kulikuwa na utando mwingine uliofanana nao kwa mbali, na kijana wa dawa aliuonyesha kwa haraka akisema ni huohuo. Nilimwomba apige magoti. Utando wa buibui hutandazwa kama kitambaa juu ya nyasi, matone yake hupangana kwenye uzi kama shanga, na nyasi zilizo chini yake ni za kijani. Utando wa kuvu hauna mpango, umejikita ndani ya majani, na chini yake majani yamekauka. Kufikia saa nne, yote miwili ilikuwa imetoweka.

Niling'oa majani kadhaa kwenye ukingo wa doa, si katikati, kwa sababu katikati huwa pamekufa na pamejaa kuvu wengine wanaokula mizoga. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, kila jani lilikuwa na kovu la rangi ya majani makavu lililokata upana wote wa jani, limebanwa katikati kama kiuno cha nyigu, na juu na chini yake kuna mpaka wa kahawia nyekundu. Kovu hilo ndilo lililonipa jina la ugonjwa. Ni doa la dola, linaloitwa hivyo kwa kuwa kwenye nyasi ndefu kidogo doa hufikia ukubwa wa sarafu ya zamani ya dola ya Marekani. Nilikuwa mwangalifu kutotazama vishada vya Poa annua, nyasi ya magugu, vilivyochipuka humo humo, maana kwenye nyasi hiyo mpaka wa kahawia huwa hauonekani, na mtu akianzia hapo anapotea.

Magonjwa mengine niliyoyafikiria hayakukaa. Rizoktonia, ambayo ndiyo iliyodhaniwa na aliyeagiza azoksistrobini, hufanya mabaka ya ukubwa wa sahani hadi ungo, na hupenda usiku usioshuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, hali ambayo mwinuko huu hauipati mwezi Mei. Pithiamu nayo hutaka usiku wa joto, huyafanya majani yawe kama yamepakwa mafuta, na hufuata njia ya maji yanapotiririka kwenye mteremko. Madoa yetu yalipuuza mteremko kabisa. Anthraknosi ingeacha vijinywele vyeusi kwenye jani vinavyoonekana kwa lenzi, na hatukuviona. Ili nisijiridhishe kwa macho peke yake, nilikata vipande vitatu vya nyasi kwa kisu cha jikoni, kimoja kutoka kila grini iliyougua, nikavitia kwenye mifuko ya plastiki yenye karatasi ya shashi iliyoloweshwa, nikavilaza ofisini kwa meneja usiku kucha. Asubuhi vyote vitatu vilikuwa na pamba nyeupe ndefu. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi hamsini, na hakichukui nafasi ya maabara, lakini kinatosha kukuambia kama kuna kuvu hai unayepambana naye au unapulizia dawa mzoga.

Kuvu hawa waliitwa Sclerotinia homoeocarpa tangu 1937, jina walilopewa na Bennett, hadi 2018 walipohamishiwa jenasi mpya ya Clarireedia. Spishi inayoshambulia zaidi nyasi za nchi za baridi kama bentigrasi ni C. jacksonii. Mabadiliko ya jina hayamsaidii mtunza uwanja, ila yatamfanya asishangae lebo mbili zikitaja adui mmoja kwa majina mawili. Linalomsaidia ni tabia moja ya kuvu hii, ambayo ndiyo iliyofungua kisa hiki: uwanjani haienei kwa spora zinazopeperuka, kama magonjwa mengi ya mazao tuliyoyazoea. Huenea kwa vipande vya nyuzi zake vinavyobebwa na mabaki ya nyasi, kwenye soli za viatu, magurudumu, na zaidi ya yote kwenye bladi na rola za mashine ya kukatia. Kuvu isiyo na mabawa lazima ibebwe na mtu, na huyo mtu huwa na njia yake.

Ramani ya madoa niliyoichora asubuhi ile ilikuwa na kitu cha ajabu. Grini namba 7 ilikuwa mbaya kabisa, namba 8 ilikuwa ya pili, namba 9 ya tatu, na namba 10, iliyo hatua chache tu kutoka namba 9, ilikuwa safi kama sinia. Namba 6 pia ilikuwa safi. Nilimfuata mzee anayeendesha mashine, mtu aliyekata nyasi za klabu ile kwa zaidi ya miaka ishirini, nikamkuta akikaza bolti.

"Mzee, shikamoo. Mashine hii asubuhi inaanzia wapi?"

"Marahaba. Inaanza saba, kwa sababu wachezaji wa mapema wanatokea shimo la kumi na huko saba ni mbali nao. Halafu nane, halafu tisa, halafu narudi stoo kuweka mafuta."

"Na kumi?"

"Kumi ni ya mashine ile nyingine, daktari. Hiyo haijawahi kuja upande huu."

Kwa hiyo kila siku, umande ukiwa bado haujakauka na utando ukiwa hai, bladi zilikuwa zikipita kwenye grini iliyo gonjwa zaidi, zikijaza sanduku la mabaki na kubandika rola kwa nyuzi za kuvu, kisha zikienda moja kwa moja kupanda nyuzi hizo kwenye grini ya pili na ya tatu. Mpangilio huo haukubuniwa na mtu mzembe. Ulipangwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kuwapisha wachezaji, na ulifanya kazi vizuri hadi mwaka ambao namba 7 iliugua.

Lakini mbona iliugua mwaka ule? Kivuli cha misaipresi kilikuwapo siku zote. Jibu nililipata kwenye ukurasa mwingine wa daftari lilelile la stoo: kwa wiki sita hakuna mbolea ya naitrojeni iliyotiwa kwenye grini yoyote. Kamati ya uwanja ilitaka mpira ukimbie, na inaaminika, kwa kiasi fulani cha ukweli, kwamba nyasi yenye njaa hukua polepole na hivyo huachia mpira uende mbali. Kasi hiyo hupimwa kwa stimpimita, mchirizi uliobuniwa na Edward Stimpson mnamo 1935, wa mbao wakati huo na wa aluminiamu siku hizi, ambao huachilia mpira uteleze na kisha hupimwa futi ngapi umesafiri. Klabu ilikuwa inataka futi 10. Juu ya njaa ya makusudi ikaja njaa ya mvua: grini hizi zimejengwa juu ya mchanga, na masika huosha naitreti kwenye mchanga kama mtu anavyosuuza mchele. Doa la dola ni ugonjwa wa nyasi zenye njaa kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote wa grini. Nyasi iliyolishwa hukua, ncha iliyoshambuliwa hukatwa na kuondolewa, na doa hujifunga. Iliyo na njaa hubaki palepale, kuvu ikila taratibu.

Jambo la tatu lilikuwa maji. Vinyunyizio viliwekwa kuanza saa kumi na mbili jioni, hata katika wiki zilizokuwa na mvua, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuvizima. Majani yaliloweshwa machweo, yakapokea umande usiku, na kwenye namba 7 yakakauka saa nne asubuhi. Ukihesabu ni takriban saa 16 za majani mabichi kwa siku. Tena matone ya alfajiri si maji matupu: sehemu yake ni utomvu unaosukumwa na mizizi na kutoka kwenye ncha zilizokatwa, wenye sukari na amino asidi, chakula ambacho kuvu hupelekewa kitandani.

Hali ya hewa nayo nilitaka kuipima kwa namba, nisije nikaisingizia. Watafiti Damon Smith na James Kerns na wenzao walichapisha mwaka 2018 kanuni inayokadiria uwezekano wa doa la dola kwa kutumia vitu viwili tu, wastani wa siku tano wa joto la hewa na wastani wa siku tano wa unyevunyevu, ikifanya kazi kati ya nyuzi 10 na 35; wengi huanza kuchukua hatua inapovuka asilimia 20. Kwa wastani wa nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 85, ambayo ni Mei ya kawaida huku, kanuni hutoa karibu asilimia 42. Ukishusha unyevu hadi asilimia 70 huku joto likibaki lilelile, hushuka hadi asilimia 16. Kanuni ilitengenezwa kwa takwimu za Marekani na siichukulii kama msahafu, lakini tofauti ya 42 na 16 ndiyo niliyoiweka mbele ya kamati nilipozungumzia miti na vinyunyizio, kwa sababu kamati za gofu huheshimu namba.

Sasa dawa. Azoksistrobini ni kiuakuvu kizuri dhidi ya rizoktonia, na dhidi ya doa la dola karibu haifanyi kitu. Imewahi hata kuonekana kuuzidisha ugonjwa pale ilipotumiwa, pengine kwa kuwaondoa kuvu wengine waliokuwa wakishindana nayo. Metalaksili hushughulikia jamii ya pithiamu na ile ya baka la viazi, viumbe ambao hata si kuvu wa kweli, kwa hiyo nusu pakiti ile ilipotea bure, isipokuwa kwa mankozebu iliyokuwa ndani yake, ambayo huzuia kidogo na huoshwa na mvua ya kwanza. Kabendazimu ingeweza kufaa miaka ya nyuma. Hata hivyo, kundi lake, ambalo FRAC, kamati ya kimataifa inayofuatilia usugu wa kuvu kwa dawa, hulipa namba 1, ndilo la kwanza ambalo doa la dola lilijifunza kulishinda, na taarifa za usugu huo zilianza Marekani miaka ya mapema ya 1970. Badiliko dogo kwenye protini moja ya kuvu linatosha, na usugu wa kundi hili ukishaingia haupungui hata ukiacha kuitumia dawa kwa miaka. Hatukupeleka sampuli maabara kupima usugu, kwa hiyo sikuandika kwenye ripoti kwamba kabendazimu imeshindwa kwa sababu hiyo. Niliandika kwamba daftari la miaka iliyopita linaionyesha ikipigwa kila masika, na kwamba haikuleta nafuu.

Utaratibu tuliokubaliana ulianza na mambo yasiyohitaji duka. Siku hiyohiyo mzee alibadilisha safari yake: namba 9 kwanza, kisha 8, na 7 ya mwisho baada ya umande kuondolewa, kisha mashine kuoshwa kwa maji ya kasi bladi na rola kabla ya kurudi stoo. Vijana wawili walipewa fimbo ndefu za plastiki za kupiga umande saa kumi na mbili kasorobo, kazi waliyoiona ya kuchekesha hadi walipoona wenyewe utando ukikatika. Utafiti uliofanyika Kentucky na kuchapishwa 1996 ulishaonyesha kwamba kuondoa umande kila siku peke yake hupunguza madoa kwa kiasi kinachoonekana. Vinyunyizio vilihamishiwa saa kumi alfajiri, na siku za mvua vikazimwa. Kimo cha kukata kilipandishwa hadi milimita 3.5, na hapo ndipo kepteni alipouliza kwa upole wenye miiba, "Daktari, hii ni gofu au ni malisho?" Nilimpa rola nyepesi kwa badala yake. Kupitisha rola hurudisha kasi ya mpira bila kuishusha bladi, na majaribio ya muda mrefu ya Chuo Kikuu cha Michigan State yaliyoonyesha kwamba rola nyepesi ya mara kwa mara hupunguza pia doa la dola yalinisaidia kumaliza mazungumzo.

Naitrojeni ilirudi kwa kijiko. Kila wiki nusu gramu na kidogo kwa mita ya mraba, tuseme 0.6, ikipigwa kama kimiminika. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo ni gramu 1.3 za yurea kwa mita, na kwa grini ya mita 500 ni gramu 650 katika lita 40 za maji, ikifuatwa na kunyunyizwa maji kidogo ili majani yasiungue. Nilimwandikia kijana wa dawa hesabu hiyo ubaoni, kisha tukapima kwa maji matupu pampu yake inatoa lita ngapi kwa mwendo wake wa kawaida. Lita 40 kwa grini ni pampu mbili. Yeye alikuwa akitumia nusu pampu. Kofia ya chupa tuliistaafisha, tukanunua silinda ya kupimia.

Kiuakuvu kilikuja mwisho wa orodha, lakini kwa namba 7 hakikuepukika, maana doa lililokwisha kuunganika halisubiri mbolea. Nilipitia kwanza bidhaa zilizosajiliwa na bodi inayosimamia viuatilifu nchini Kenya, PCPB, kwa kuwa vitabu vingi vya nyasi vilivyomo makabatini mwa klabu vinapendekeza dawa ambazo hazina tena ruhusa kwingineko: Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha iprodioni mwaka 2017 na klorothalonili mwaka 2019. Tulipiga propikonazoli, kundi namba 3, mara moja kwa kipimo cha lebo, na baada ya siku 14 boskalidi, kundi namba 7, kwenye namba 7 na 8 tu. Propikonazoli ina gharama yake isiyoandikwa kwenye risiti: hudumaza bentigrasi, nyasi hunawiri kijani kibichi lakini hazitambai, na pengo lililo wazi huchelewa kuzibika. Kwa hiyo sikutaka irudiwe. Grini zilifungwa hadi zikauke kabisa, na hilo lilihitaji ubishi, ingawa wachezaji wenyewe ndio wanaoweka vigingi vya mpira midomoni baada ya kuvichomoa ardhini.

Kabla ya kunyunyiza nililaza ubao wa plaiwudi wa mita moja kwa mita moja kwenye kila grini ya namba 7 na namba 8, nikauondoa dawa ilipokauka. Mzee alidhani nimeusahau. Ubao huo huacha mraba usio na dawa, na mraba huo hukuambia mambo ambayo ankara ya dawa haitakuambia. Baada ya siku 12, mraba wa namba 8 ulikuwa na madoa pungufu ya nusu ya yale tuliyoyahesabu mwanzoni, bila tone la kiuakuvu, kwa chakula, umande uliopigwa na mashine iliyooshwa tu. Sehemu iliyonyunyizwa ilikuwa bora zaidi, lakini si kwa umbali ule ambao klabu ingetarajia kwa bei iliyolipwa. Mraba wa namba 7 ulisimulia habari nyingine: ulibaki karibu vilevile, mbaya, katikati ya nyasi zilizokuwa zikipona. Kwenye kivuli, chakula na fimbo havikutosha.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la mchanga. Siku ya sita, nikiwa na haraka ya kusawazisha vidimbwi vidogo vilivyoachwa na madoa ili mpira usirukeruke, niliagiza mchanga utandazwe kwenye namba 7 na kuburutwa kwa mkeka wa chuma. Kutandaza mchanga ni kazi nzuri kwa nyasi yenye afya. Kwa nyasi iliyojeruhiwa, chembe zenye kingo kali zikisuguliwa na mkeka hufanya kazi ya msasa, na asubuhi ya pili kingo za madoa zilizokuwa zimeanza kuchipua zilikuwa zimechubuka na kugeuka kahawia. Tulipoteza pengine wiki nzima pale. Namba 8, ambayo mchanga wake ulisubiri wiki tatu na kusuguliwa kwa brashi laini, haikuonyesha jeraha lolote.

Mashindano yalichezwa siku yake. Namba 9 ilikuwa imepona kiasi cha mtu kutojua kama iliugua, namba 8 ilikuwa na makovu ya hapa na pale, na kwenye namba 7 shimo lilitobolewa upande wa magharibi, mbali na kivuli, huku mabaka mawili makubwa yakiwa yamezibwa kwa plagi za nyasi tulizozichukua kwenye grini ya mazoezi. Stimpimita ilisoma pungufu kidogo ya futi 10. Kepteni hakusema kitu, na kwa kepteni huyo ukimya ni aina ya pongezi.

Miti ndiyo iliyobaki. Niliomba misaipresi minne ikatwe, na kamati ikakataa, kwa kuwa ilipandwa kwa heshima ya mwanachama aliyefariki na hakuna aliyetaka kwenda kumweleza mjane. Nawaelewa. Tulikubaliana kupogoa matawi ya chini hadi mita nne ili upepo upite, na jua sasa huifikia grini dakika arobaini mapema kuliko zamani. Kwa namba 7 bado nimewaandikia dawa moja ya kinga mwanzoni mwa masika, ikizungushwa kati ya makundi mawili tofauti na bila kabendazimu, ila tu pale wastani wa siku tano unapovuka ile asilimia 20, ambao meneja huuhesabu kwenye simu yake kila Jumatatu. Grini nyingine 17 hazina dawa ya kinga.

Kwenye ukuta wa stoo, pembeni mwa silinda ya kupimia, mzee ameandika kwa chaki mpangilio mpya wa mashine na kuupigia mstari chini: 9, 8, osha, 7, osha. Ule ubao wa plaiwudi ameutoboa tundu kwenye kona na kuutundika kwenye msumari, na anayetaka kuutumia kwa kazi nyingine lazima amuulize yeye kwanza.